Picha ya Kwanza

Tuseme, msomaji, ya kuwa wewe na wenzako watano mmepewa na mwalimu wenu kazi ya kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi, itakayoonyeshwa katika mashindano ya shule. Tuseme tena ya kuwa mnakaa katika kisiwa cha Takawiri, kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya; kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Viktoria, chenye Rusinga upande wa mashariki na Mfangano upande wa magharibi. Mna simu moja yenye kamera, daftari moja, na kalamu. Mmekaa kivulini mkishauriana, na swali linalotangulia maswali yote ni hili: mtazamaji aone nini kwanza?

Mmoja wenu atasema, "Tuanze na ufuko wetu. Mchanga mweupe, maji ya buluu. Wageni hulipa fedha kuja kuutazama." Wa pili atajibu, "Hapana, ndugu yangu. Tuanze na mtumbwi uliopinduka na watu wanaolia. Bila ya msiba nani atatazama?" Wa tatu, ambaye mama yake huanika omena kila asubuhi, atakaa kimya kitambo kisha atasema, "Mimi sijapata kuona filamu hata moja iliyoanza na mikono ya mama yangu."

Huenda wenzake wakamcheka. Lakini wewe, msomaji, usicheke upesi. Neno alilosema lina historia ndefu nyuma yake, ndefu kuliko umri wa babu zenu, na insha hii imekusudia kukusimulia historia hiyo. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Picha ya kwanza ya filamu ndiyo asubuhi yake. Ndani yake hujulikana nani anasimulia, nani anasimuliwa, na msimulizi amesimama wapi.

Basi tuanze mwanzo wenyewe. Katika mwaka wa 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walikuwa na kiwanda cha vifaa vya picha katika mji wa Lyon. Louis aliweka kamera yake mbele ya lango la kiwanda akawapiga picha wafanya kazi walipokuwa wakitoka. Picha hiyo haifiki dakika moja. Tarehe 28 Desemba mwaka ule ilionyeshwa mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio, na siku hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema.

Yako mambo mawili katika picha hiyo yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba haikupigwa mara moja tu. Yamebaki matoleo matatu, na katika kila toleo watu wale wanatoka tena katika lango lile lile. Ndiyo kusema, hata tendo dogo la watu kutoka kazini lilipangwa, likatazamwa, likarudiwa. La pili ni kwamba aliyeshika kamera alikuwa tajiri, na waliopigwa picha walikuwa watumishi wake. Hapana ubaya mkubwa katika jambo hilo, lakini likumbuke. Tangu siku ya kwanza ya sinema, mtu mmoja alisimama nyuma ya kamera na wengine wakapita mbele yake, na haki ya kuchagua ilikuwa ya yule aliyekuwa nyuma.

Sasa tuvuke bahari tufike katika nchi zetu. Mwaka 1935, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Tanganyika, lilianzishwa jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa vijijini. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Waongozi wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyepata kusimamia mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa zamani mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Jaribio hilo lilidumu mpaka mwaka 1937, na katika muda huo zilitengenezwa filamu fupi 35. Zilikuwa filamu zisizo na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, yakapigwa wakati picha zinapita. Gari lilichukua mashine na turubali, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelfu ya watu waliketi chini usiku, wengi kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wakatazama nuru ikitembea juu ya kitambaa.

Watu hao walionyeshwa nini? Filamu mojawapo ya mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Mfanya kazi mmoja anapokea mshahara wake na kuufukia ardhini; mwizi anamwona, anaufukua, anakwenda zake. Mwenzake mwerevu anaweka fedha zake posta, zinakaa salama. Nyingine zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, majani ya chai, kahawa na mifugo. Wachezaji walikuwa Waafrika wenyewe, watu wa kawaida wasiopata mafunzo ya mchezo, na walicheza vizuri.

Tuwe waadilifu, msomaji. Safura ni ugonjwa wa kweli, na mwizi wa akiba ni mwizi wa kweli. Watu wa Vugiri walifanya kazi ngumu kwa vyombo duni, na yako mengi waliyofundisha yenye manufaa. Lakini itazame kawaida ya hadithi zile. Aghalabu alikuwapo mjinga, akawapo mwerevu, na werevu wenyewe ulikuwa kutii shauri lililotoka ofisini. Mtu wa kijijini alitokea katika picha ya kwanza kama kosa linalongoja kusahihishwa. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza yeye angependa hadithi yake ianzie wapi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda mjini London idara ya filamu za makoloni. Mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyepata kuwa mtumishi wa afya nchini Nijeria na aliyepiga filamu huko. Bwana huyu aliamini ya kuwa Mwafrika hawezi kufahamu filamu kama watu wengine. Akatoa kanuni: picha ziende polepole, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, kila jambo lionyeshwe kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya ujanja wowote wa kamera. Idara ilizifuata kanuni hizo kwa miaka mingi, mpaka ilipofungwa mwaka 1955.

Hapa pana kisa nitakacho ukitie moyoni. Kilisimuliwa na Mwingereza mmoja, John Wilson, aliyeshughulika na elimu ya Waafrika kwa njia ya filamu. Ilitengenezwa filamu ya dakika tano hivi kuonyesha namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Mtu katika picha alifanya kila tendo taratibu sana, kama kanuni zilivyoagiza. Filamu ilipokwisha, watazamaji wa kijijini waliulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku." Wenye filamu wakashangaa, maana wao wenyewe hawakujua ya kuwa mna kuku. Wakaichunguza picha moja baada ya moja, na kweli: kuku alishtuka akaruka pembeni mwa picha, kwa muda wa sekunde moja tu.

Kisa hicho kilitumiwa kama ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama. Wewe waonaje? Mimi naona kinyume chake. Mwenye filamu alikuwa na picha yake mikononi, akaitengeneza, akaikata, akaionyesha, na hakumwona kuku. Mwanakijiji aliketi mara moja tu na akamwona. Katika dakika tano za mtu mwenda pole anayefundisha jambo, kuku alikuwa ndicho kitu pekee kilichofanya kitendo ambacho hakuna aliyekiagiza. Jicho la mtu hukimbilia palipo na uhai. Mwenye macho haambiwi tazama. Na kama watazamaji hawakuliona somo, huenda lawama ni ya mwalimu kuliko ya mwanafunzi.

Polepole kamera ilianza kubadili mikono. Idara ile ile ya London ilifungua mwaka 1948 darasa la filamu mjini Accra, na vijana wa Gold Coast na Nijeria wakafundishwa kupiga na kuunganisha picha. Mmoja wao, Sam Aryeetey, baadaye aliongoza shirika la filamu la Ghana. Nchini Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa filamu za hadithi kwa lugha ya Kiswahili, kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Waliozitengeneza walitoka Afrika ya Kusini kwa ajili ya serikali, lakini mchezaji mkuu alikuwa kijana wa nchi, mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo akaingia katika vyama vya wafanya kazi, kisha katika siasa, na Januari mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Uso ambao watu walikuwa wameuzoea katika kitambaa cha sinema ukawa uso wa serikali yao wenyewe.

Uhuru ulipokuja, kazi ya kujifunza ilikuwa bado mbichi. Nairobi ilikuwako tangu mwaka 1961 shule ya watumishi wa utangazaji, iliyokua ikawa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya. Na baada ya muda walifundishwa humo hata watengenezaji wa filamu. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Anne Mungai, ambaye mwaka 1992 alitoa filamu ndefu, Saikati, juu ya msichana wa Kimaasai anayetaka kuendelea na masomo badala ya kuozwa. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya pia, alitoa filamu ya dakika ishirini na kitu iitwayo Pumzi. Inasimulia Afrika ya Mashariki ya zama zijazo, baada ya vita vya maji, mahali ambapo kila tone linahesabiwa. Dakika ishirini na kitu tu. Nayo ikaonyeshwa hata Marekani, katika tamasha la Sundance la mwaka 2010. Basi asikudanganye mtu kwamba filamu fupi ni kitu kidogo.

Lakini kabla hujashangilia, ligeukie ziwa lenyewe. Filamu iliyosikika sana duniani juu ya Ziwa Viktoria haikutengenezwa na watu wa ziwani. Ilitolewa mwaka 2004 na Hubert Sauper, mtu wa Austria, na jina lake la Kiingereza ni Darwin's Nightmare, yaani jinamizi la Darwin. Ilipigwa Mwanza na vitongoji vyake, nayo inahusu sangara, viwanda vya minofu, na ndege zinazosafirisha samaki kwenda Ulaya. Ilisifiwa mno nje, hata ikatajwa miongoni mwa filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar. Nchini Tanzania ilileta mzozo, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani. Sitaki kuamua shauri hilo hapa, kwa maana umaskini ulioonyeshwa haukubuniwa wote, wala kila aliyeudhika hakuudhika bure. Nataka uangalie jambo moja tu. Mwanzoni mwa filamu hiyo unaona kivuli cha ndege kikipita juu ya maji. Tunaliona ziwa kutoka juu, kwa jicho la mtu anayefika. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi huliona ziwa kutoka usawa wa maji, na akitazama juu huona tumbo la ndege. Picha zote mbili ni za kweli, ila kila moja hufungua mlango wa hadithi nyingine.

Je, mgeni hawezi kusimulia vema? Aweza. Mwaka 2017 wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, chini ya mwongozo wa mwenzao Katja Benrath, walitoa filamu yao ya kuhitimu, Watu Wote, yenye dakika 22. Waliipiga Kenya, pamoja na watengenezaji na wachezaji wa hapa, kwa Kiswahili na Kisomali. Ina asili katika tukio la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo magaidi walilisimamisha basi la Mandera karibu na El Wak wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa kuwatoa wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, na Januari 2016 alifariki. Filamu ilipata tuzo ya Academy ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa zilizoshindania Oscar ya filamu fupi.

Na ilianzaje? Haikuanza na bunduki. Ilianza na mwanamke Mkristo aliye safarini, asiyewaamini abiria wenzake. Kwanza tunaijua hofu yake, kisha ndipo tunaujua msiba. Kama wanafunzi wale wangeanza na risasi, tungeona magaidi. Kwa kuanza na msafiri, tuliona watu. Hiyo ndiyo kazi ya picha ya kwanza inayofanywa na mtu aliyefikiri, awe mgeni au mwenyeji.

Sasa turudi Takawiri, chini ya kivuli chenu. Natumaini hamcheki tena. Yule anayetaka ufuko mweupe anataka kisiwa kionekane kama mgeni anavyokiona siku ya likizo. Yule anayetaka msiba anakitaka kionekane kama habari za jioni zinavyokionyesha. Wa tatu amesema neno ambalo watengenezaji wa Vugiri hawakuulizwa wala hawakujiuliza. Mfuateni yeye, lakini kumfuata si kazi nyepesi, maana nia njema bila ya mpango haipigi picha.

Andikeni kwanza katika daftari, kwa sentensi moja, jambo mnalotaka mtazamaji alijue mwishoni mwa dakika ya kwanza. Kisha pangeni siku, na hapo mtahitaji elimu mliyo nayo tayari na ambayo mgeni hana. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu na mitumbwi hukaa ufukoni. Kila mwaka pia serikali huufunga uvuvi wa omena tangu Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Basi asiyejua kuhesabu mwezi na miezi atafika ufukoni na kamera yake asikute kitu cha kupiga.

Jua huchomoza upande wa Rusinga karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa mpo jirani na mstari wa ikweta, hupanda upesi. Nuru laini ya asubuhi haidumu. Kwa hiyo kila mmoja awe mahali pake kabla ya mapambazuko: mmoja ashike kamera, mmoja asikilize sauti, mmoja aandike kila picha iliyopigwa, mmoja azuie watoto wasiitazame lenzi. Kamera iwekwe chini, usawa wa mikono inayotandaza omena juu ya wavu, isiwekwe juu kama jicho la ndege. Sauti ya upepo ni adui wa kinasa sauti. Kifunikeni kwa kitambaa. Waacheni akina mama waseme Dholuo au Kisuba, kama wanavyosema kila siku, na maana iandikwe chini ya picha. Maana mtu akilazimishwa lugha ya wageni hukaza uso, na kamera huliona jambo hilo mara moja.

Wala msisahau kuomba ruhusa. Mama anayeanika omena yuko kazini, na mikono yake si mali yenu. Mwambieni mnataka kufanya nini, mwonyesheni picha mlizopiga, na akisema, "Hii iondoeni, wanangu," iondoeni. Hapo mtakuwa mmefanya jambo ambalo halikufanywa kule Lyon wala Vugiri: mtakuwa mmempa aliye mbele ya kamera sehemu ya haki ya aliye nyuma yake.

Na kama kuku atakatiza mbele ya kamera wakati mama anatandaza samaki wake, akadonoa mmoja na kukimbia, na mama akamfukuza kwa kelele, msikasirike mkasema picha imeharibika. Rudieni kupiga mkitaka, kama Louis Lumière alivyorudia. Lakini jioni, mtakapokaa kuchagua, itazameni tena ile yenye kuku, na mwulizeni mama yake mwenzenu ameona nini.